Nani Analipia Sauti ya Upole?

Katika nyumba yetu ya Bwaise, Kiswahili kilikuwa lugha ya watu wenye bunduki. Sikufundishwa hivyo darasani. Nililipata jambo hilo kwa bibi yangu mzaa mama, ambaye sote tunamwita Jjajja. Yeye aliishi Kampala miaka yote ambayo sisi tunaisoma katika vitabu vya historia: mwaka 1973, Idi Amin alipotangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na miaka ya mwanzo ya 1980, wakati wa ile misako iliyobaki vinywani mwa watu kwa jina la "panda gari". Askari walizingira mtaa alfajiri, watu wakatolewa nje, wakaamriwa kupanda lori. Amri zilitolewa kwa Kiswahili. Kwa hiyo Jjajja, Mganda asiyewahi kuketi katika darasa la Kiswahili hata siku moja, alikuwa na msamiati wake: simama, kaa chini, leta kitambulisho, panda gari.

Wenzangu wengi hapa chuoni wana bibi au babu kama huyu. Ndiyo sababu, tukienda nyumbani na kusema tunasomea Kiswahili, hakosi mjomba wa kutuuliza kama tunataka kujiunga na jeshi. Tunacheka naye, lakini swali hilo lina historia ndefu.

Nataka kuandika juu ya kipindi cha televisheni cha watoto kilichoanzia Marekani na ambacho sasa hakijui kesho yake. Msomaji atauliza kipindi hicho na Jjajja wamekutana wapi. Hawakukutana. Aliyewaunganisha ni mpwa wangu, kwa hiyo nianze naye.

Machi 2020 shule zote za Uganda zilifungwa kwa sababu ya korona. Mimi nilikuwa kidato cha nne. Sisi watahiniwa tuliitwa tena shuleni Oktoba mwaka huo, ila watoto wa chekechea walingoja hadi Januari 2022. Mpwa wangu alikuwa na miaka minne. Mama yake, yaani dada yangu, huuza mboga katika soko la Kalerwe, na wauza vyakula waliruhusiwa kuendelea na biashara kwa sharti la kulala huko huko sokoni. Kwa wiki kadhaa mtoto hakumwona mama yake ila kwenye simu ya zamani aliyotuachia. Maongezi yakiisha, mtoto hakutaka kuirudisha simu. Jirani yetu mmoja, mama aliyewahi kuishi Mwanza, akaturushia video alizokuwa nazo za Akili and Me kwa Kiswahili.

Kwa wasiokijua, kipindi hicho hutengenezwa Dar es Salaam na Ubongo, shirika lisilo la faida ambalo mwaka 2014 lilianza kurusha Ubongo Kids kwenye TBC1. Akili ni msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Usiku akilala huingia katika nchi ya ndoto yenye wanyama wanaosema, na huko hujifunza namba, herufi, rangi na adabu. Mpwa wangu hakujua kwamba anajifunza lugha ya kigeni. Alidhani hivyo ndivyo wanyama wanavyosema.

Jioni moja alikuwa akihesabu vijiko kwa sauti: moja, mbili, tatu. Alipofika sita akarukia nane. Jjajja alikuwa mkekani akimenya matooke. Bila kuinua kichwa akasema, "Saba. Baada ya sita ni saba."

Nilishangaa. Nikamwuliza, "Jjajja, namba hizo umejifunzia wapi?"

Akanijibu kwa Kiganda, "Walituhesabu tulipokuwa tukipanda."

Hakuongeza neno. Mtoto akaanza tena tangu moja, na safari hii Jjajja akahesabu naye hadi kumi. Miaka mitatu baadaye, nilipokuwa nikijaza fomu ya kuomba nafasi chuoni, jioni hiyo ndiyo iliyoniandikisha Kiswahili. Namba zilikuwa zile zile alizozisikia kwenye lori. Kilichobadilika ni sauti iliyozitamka, na mtu aliyekuwa akiambiwa.

Nilipofika mwaka wa pili, katika somo la fasihi ya watoto, mhadhiri wetu alitutaka kila mmoja achague kipindi kimoja cha watoto na aeleze kinavyotumia lugha. Mimi nilimchagua Akili. Lakini tumefundishwa kwamba ukichambua ngano, utafute pia chimbuko lake, na chimbuko la vipindi vya namna hii likanipeleka New York, kwa Sesame Street.

Wazo lake lilizaliwa mwaka 1966 katika chakula cha jioni nyumbani kwa Joan Ganz Cooney, mtayarishaji wa televisheni. Mgeni wake mmoja, mwanasaikolojia Lloyd Morrisett, alisimulia kwamba binti yake mdogo huamka mapema na kukaa mbele ya televisheni kabla matangazo hayajaanza, akiikazia macho ile picha ya kupimia mitambo. Wakajiuliza: ikiwa mtoto anaweza kuitazama picha isiyosema lolote, je, akiwekewa herufi na namba? Zilitafutwa dola milioni 8 hivi, nyingi zikitoka kwa serikali ya Marekani, nyingine kwa taasisi za Carnegie na Ford. Tarehe 10 Novemba 1969 kipindi kikaanza kurushwa na vituo vya umma, ambavyo havimtozi mtazamaji chochote. Jim Henson alileta vikaragosi vyake: Big Bird, ndege mkubwa wa manjano; Oscar anayeishi katika pipa la taka; na Cookie Monster, mla biskuti. Waliokusudiwa hasa ni watoto wa familia maskini za mijini, ambao wazazi wao hawakuweza kulipia chekechea.

Je, kilisaidia? Mwaka 2015 wachumi wawili, Melissa Kearney na Phillip Levine, walilinganisha maeneo ya Marekani ambayo mawimbi ya kipindi hicho yalifika vizuri na yale ambayo yalifika kwa shida. Watoto wa maeneo ya kwanza walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa katika darasa linalolingana na umri wao. Sisi wa Kampala tunaelewa jambo hili bila kuelezwa sana: mtoto mmoja anapata picha, mwenzake wa nyuma ya kilima anapata mchanga.

Lakini kilichonivutia mimi kuliko takwimu ni namna kipindi hicho kinavyoweza kusema maneno mazito kwa sauti ya upole. Desemba 1982 alifariki mwigizaji Will Lee, aliyecheza Bwana Hooper mwenye duka. Watayarishaji hawakumtafuta mwingine wa kujaza nafasi yake. Mwaka 1983 walimweleza Big Bird, na kupitia kwake watoto wote, kwamba mtu akifa harudi, na kwamba kulia si vibaya. Miaka ishirini hivi baadaye, mwaka 2002, toleo la Afrika Kusini liitwalo Takalani Sesame lilimleta Kami, kikaragosi msichana wa miaka mitano, yatima, anayeishi na virusi vya UKIMWI. Anacheza na wenzake, na wenzake wanamshika mkono. Katika nchi yetu, ambako wengi wetu tuna shangazi au mjomba tuliyemjua kwa picha tu, sihitaji kueleza uzito wa tendo hilo dogo la kushikwa mkono.

Tanzania nayo ikapata toleo lake la Kiswahili, Kilimani Sesame, lililofika kwa televisheni, redio na vitabu, likafundisha kusoma, kuhesabu na kujikinga na malaria. Utafiti wa Dina Borzekowski na mwenzake, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba watoto waliolifuatilia zaidi walifanya vizuri zaidi, na si katika herufi na namba tu, bali hata katika kujua jinsi malaria inavyozuiwa. Kwa hiyo ushahidi upo, na upo kwa Kiswahili. Pamoja na hayo, Kilimani Sesame haikupata umri wa mama yake. Ilizaliwa na fedha za wafadhili wa nje, na mtoto wa mradi huishi kadiri mradi unavyoishi.

Nilipokuwa nikiandika kazi ile niliamini kwamba mama mwenyewe hawezi kufa. Kipindi chenye sehemu zaidi ya 4,500, kilichoonekana katika nchi zaidi ya 150, kitaanguka vipi? Kisha nikafuata habari zake za karibuni, moja baada ya nyingine.

Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya gharama zake ililipwa na mauzo ya midoli na DVD. Watu walipoacha kununua DVD na kuhamia mtandaoni, mfuko ukatoboka. Mwaka 2015 Sesame Workshop, shirika lisilo la faida linalokitengeneza, lilifanya mkataba na HBO, televisheni ya kulipia. Kuanzia Januari 2016 sehemu mpya zilionekana kwanza kwa waliolipa, na watoto wa vituo vya umma wakasubiri miezi tisa. Kipindi cha saa moja kikawa cha nusu saa. Desemba 2024 Warner Bros. Discovery, kampuni yenye HBO, ikaamua kutogharimia tena sehemu mpya. Machi 2025 Sesame Workshop ikapunguza wafanyakazi. Mei akapatikana mnunuzi mwingine, Netflix, na afadhali safari hii ilikubaliwa kwamba vituo vya umma vitapata sehemu mpya siku hiyo hiyo. Lakini Julai Bunge la Marekani likafuta dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimetengwa kwa utangazaji wa umma, na mwanzoni mwa Agosti shirika lililokuwa likizigawa fedha hizo likatangaza kwamba linafunga kazi zake. Julai hiyo hiyo USAID, iliyokuwa imefadhili baadhi ya matoleo ya nchi za nje, ilikoma kufanya kazi. Msimu wa 56 ulianza tarehe 10 Novemba 2025, siku kipindi kilipotimiza miaka 56.

Katika mlolongo huu wote sikuona mahali popote paliposemwa kwamba watoto wamekichoka. Mtoto wa miaka mitatu wa leo anacheka anapocheka mtoto wa miaka mitatu wa mwaka 1969. Kilichopungua ni watu walio tayari kulipa ili mtoto asiye na fedha aangalie. Hilo ndilo jambo moja nililolipata katika kazi yangu, na ndilo ninalotaka wenzangu walichukue: kipindi cha watoto hakifi kwa kukosa watoto, hufa kwa kukosa mtu mzima anayekiona kuwa wajibu wake.

Sasa turudi Kampala na tujiulize wajibu huo hapa ni wa nani.

Kwenye karatasi mambo yetu ni mazuri. Novemba 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kupendekeza kifundishwe kwa lazima shuleni. Julai 2023, mwezi mmoja kabla sijaingia chuo, Jumuiya ya Afrika Mashariki iliadhimisha siku hiyo hapa hapa Kampala. Yote haya ni ya watu wazima: maazimio, mitihani, hotuba. Mtoto wa Bwaise atakutana na Kiswahili darasani kwanza, tena kikiwa na alama nyekundu za kalamu ya mwalimu. Na kama nyumbani kwake yupo Jjajja kama wangu, atakuwa ameshakisikia kwingine, kikiwa na sauti nyingine.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi kila kitu kiko mtandaoni, mtoto apewe simu. Ni kweli video za Akili zipo mtandaoni bila malipo. Lakini data si bure. Tangu Julai 2021 serikali hutoza ushuru wa asilimia 12 juu ya data, mbali na kodi ya ongezeko la thamani. Dada yangu akiuza nakati na dodo siku nzima, hachagui kati ya kipindi hiki na kile. Anachagua kati ya data na yaka. Umeme ukikatika, hata hiyo simu haina chaji. Tena simu humpeleka mtoto inakotaka yenyewe. Mpwa wangu alianza na Akili, na baada ya video tatu alikuwa akiangalia mtu mzima wa nchi ya mbali akifungua maboksi ya midoli. Televisheni ya zamani ilikuwa na fadhila moja: kipindi cha watoto kilikuwa na saa yake, na mtaa mzima ulijua saa hiyo.

Wengine watasema hatuna uwezo. Hapo mimi hukumbuka vibanda vya video vya mji wetu. Kampala ina wafasiri mashuhuri ambao hawakusomea tafsiri: VJ Jingo, VJ Junior na wenzao. Filamu ya Hong Kong au Marekani ikifika, VJ huishika kipaza sauti na kuisimulia kwa Kiganda, akiongeza utani, akimbatiza mwigizaji jina la mtaani, hata mzee asiyejua Kiingereza aondoke ameielewa. Hakuna mfadhili aliyeanzisha kazi hiyo. Iliota yenyewe kwa sababu watu walikuwa tayari kutoa shilingi zao mlangoni. Uwezo wa sauti tunao. Ila mtoto wa miaka mitatu hana shilingi ya kutoa mlangoni, na ndiyo maana hakuna VJ wake.

Wakati wa korona ilionekana pia kwamba kipindi kizuri cha watoto kinaweza kutengenezwa Kampala. N*Gen, kipindi cha sayansi chenye wanasayansi wanawake wa Kiafrika, kilitengenezwa hapa. Lakini ni cha Kiingereza. Nayo Ubongo ya Dar es Salaam, ambayo wengi wetu tunaisifu, inategemea kwa sehemu kubwa ruzuku na michango. Yaliyoipata Sesame Street yanatuambia kwamba ruzuku inaweza kuondoka mchana kweupe, kwa kura moja katika bunge ambalo hatulipigii kura.

Mwaka jana sisi wanafunzi watatu tulijaribu kitu kidogo. Katika chumba kimoja cha hosteli huko Kikoni tulitundika blanketi dirishani ili kupunguza kelele za bodaboda, tukarekodi kwa simu hadithi za Wakayima, yule sungura mjanja wa Waganda, tukizisimulia kwa Kiswahili chepesi. Sungura wa Waswahili na Wakayima wetu ni ndugu, kwa hiyo kazi haikuwa ngumu. Kila hadithi ilikuwa ya dakika tatu, sauti tupu bila picha, ili isile data nyingi. Tulizituma kwenye kundi la WhatsApp la akina mama wa soko la Kalerwe. Mama mmoja alituandikia kwamba mwanawe sasa akimwona kobe hasemi "enfudu" peke yake. Husema na "kobe", kisha hucheka. Tulitoa hadithi nne. Ya tano imeandikwa lakini haijarekodiwa. Mitihani ilifika, mwenzetu mmoja akaenda mazoezi ya kufundisha Masaka, na fedha za data tulizokuwa tukichanga zikaenda kwenye uchapishaji wa kazi zetu za darasani. Akina mama wawili bado huuliza ya tano iko wapi.

Kwa kadiri yake ndogo, hiyo ndiyo historia ya Sesame Street na ya Kilimani Sesame. Wasikilizaji wapo, hadithi ipo, sauti ipo. Hakuna aliyepangiwa.

Kwa sababu hiyo nina ombi kwa wahadhiri wetu watakaosoma mkusanyo huu. Kila mwaka tunaandika tasnifu juu ya ngeli, viambishi na dhamira katika riwaya. Nazipenda kazi hizo na sitaki ziachwe. Lakini anayetaka apewe ruhusa ya kuwasilisha, badala yake, hadithi moja ya watoto aliyoitunga au kuitafsiri, akairekodi, akaijaribu kwa watoto halisi na kuandika walichoelewa na walichokosa kuelewa. Atahiniwe kwa ukali ule ule. Wanafunzi kumi kwa mwaka ni hadithi kumi; miaka mitano ni hamsini. Hadithi hamsini zikipelekwa kwenye kituo cha umma kama UBC, au hata redio ya mtaa, zinatosha kumpa mtoto wa Kampala robo saa ya Kiswahili kila Jumamosi kwa karibu mwaka mzima, bila kungoja kura ya nchi nyingine. Malipo yake yatakuwa alama, na alama sisi wanafunzi tunazihitaji hata hivyo.

Na kwa wenzangu: tusiseme kazi hii ni ya kitoto. Tunabishana sana hapa chuoni kuhusu Kiswahili sanifu na Kiswahili cha mitaani, ni lipi litakalokifanya kipendwe Uganda. Jjajja hakukiogopa Kiswahili kwa sababu ya sarufi yake. Aliogopa sauti aliyokisikia nayo mara ya kwanza. Basi inafaa tuangalie watoto wetu watakisikia mara ya kwanza kwa sauti ya nani.

Mpwa wangu sasa yuko darasa la nne na hajali tena habari za Akili, anataka mpira. Lakini dada yangu amepata mtoto mwingine, msichana. Ana miaka miwili na nusu na ameanza kuhesabu vidole vyake kwa Kiganda. Hadithi ya tano tutairekodi likizo hii, naye ndiye tutakayemjaribia.